Mpingaji wa Mtaa wa Mgomba Mmoja

Si zamani sana na wala si mbali sana, ila msiniulize ni wapi, nina watoto wa kulea. Palikuwa na nchi ikiitwa Jamhuri ya Hewala. Kwenye nembo yake ya taifa walichora kobe ameingiza kichwa ndani, na chini yake wakaandika: Hewala Haigombi. Ilikuwa nchi ya amani kupindukia. Amani yenyewe ilikuwa nyingi hata ikabidi kila kona awekwe askari mwenye bunduki wa kuichunga isimwagike.

Katiba ya Hewala ilimpa kila raia haki ya kuwa na maoni yake binafsi. Jambo jema, nani atalikataa? Tatizo, walisema wakubwa, ni kwamba maoni yakiachwa mikononi mwa wenyewe huchacha, yakichacha hunuka, na yakinuka wawekezaji huziba pua wakaondoka. Basi ikaundwa Wizara ya Maoni Binafsi, iwatunzie watu maoni yao kwa usalama. Na kwa kuwa Hewala haikuwa nchi ya kidikteta (Rais alilisema hilo mwenyewe, na waliobisha hawajaonekana wakibisha tena), kila mtaa uliruhusiwa kuwa na mtu wake mmoja wa kupinga. Aliitwa Mpingaji. Alishonewa koti, alipewa televisheni ya bure, na alipopita njiani watu walimwamkia kama shehe.

Mpingaji wa Mtaa wa Mgomba Mmoja alikuwa Mzee Shomvi Kigalu, mgane, mtu mpole ambaye nyumbani kwake hata jogoo alimshinda kauli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumamosi alasiri, kabla ya mpira, televisheni ya taifa ilirusha kipindi kiitwacho Taifa Linabishana. Waziri hutoa hoja ya serikali. Mpingaji wa zamu hukunja uso, hupiga meza kwa kiganja, maana ngumi ni uchochezi, kisha hutoa dukuduku la wananchi. Waziri humjibu. Mpingaji hukuna kichwa, hutazama dari kidogo, halafu husema, "Kwa hilo, Mheshimiwa, nimeelewa." Hapo bendi ya polisi hupuliza wimbo wa taifa, kamera huhamia uwanjani, na refa hupiga filimbi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na Wahewala waliishika kuliko dini: mpira hauanzi mpaka mtu aelewe.

Shomvi alikuwa bingwa wa fani hiyo. Alipinga kodi ya kivuli, akaelewa. Alipinga amri ya kuiita njaa mapumziko ya tumbo, akaelewa. Alipinga madawati kuondolewa mashuleni kwa hoja kwamba mtoto akizoea kukaa atakuwa mvivu, na siku hiyo alielewa kabla Waziri hajamaliza kusema, akaonywa kwamba anaharakisha demokrasia. Watoto wa mtaani walicheza mchezo wa Waziri na Mpingaji, na wote walitaka kuwa Shomvi, kwa sababu kukuna kichwa kwake kulikuwa na madaha.

Na watu wazima je? Wee! Hao ndio wa kustaajabiwa. Likizuka jambo kwenye habari, likawa zito, mtu akamuuliza jirani yake analionaje, jirani alishangaa. Mimi? Si yupo Shomvi? Wakageukia bao lao. Bei ya unga ikipanda, yupo Shomvi. Mtu akichukuliwa asirudi, yupo Shomvi, ngoja Jumamosi. Nimetembea nchi nyingi na nimeona wavivu wa kulima, wavivu wa kuoga, wavivu hata wa kutafuna. Wavivu wa kukasirika niliwaona Hewala tu.

Sasa ikafika wiki moja, Afisa wa Wizara akaja kwa Shomvi na viatu vyake vilivyong'aa, kumpa mada. Alikaa, akanywa chai, akasifia chai, ndipo akaeleza. Serikali imeamua kufunga zahanati za mitaani, ikianza na ya Mgomba Mmoja, igeuzwe kuwa Jumba la Kumbukumbu ya Maradhi. Sababu ni kwamba Hewala imekwisha kuyashinda maradhi. Rais alitangaza ushindi huo mwezi uliopita, akavishwa nishani, sasa nchi iliyoshinda maradhi ikiendelea kuweka zahanati si inamtia aibu Rais wake? Anayetaka kuugua kwa sababu zake binafsi atakwenda hospitali ya wilaya, ng'ambo ya bonde.

Shomvi aliitikia kwa kichwa kama alivyozoea. Halafu akasikia sufuria imeanguka jikoni.

Jikoni alikuwamo binti yake, Siwema, na mimba iliyokaribia siku zake. Hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza, uchungu ulimkuta zahanati imefungwa inapakwa rangi, kwa sababu Waziri alikuwa anapita kuikagua na mtaa ulikuwa unacheza ngoma ya kumpokea. Wakampakia kwenye mkokoteni, wakashika njia ya bonde, ile njia yenye mashimo ya kumeza mbuzi, na mtoto akafa kabla hawajafika darajani. Shomvi alimzika mjukuu wake kwa mikono yake. Jumamosi ya wiki ileile akavaa koti, akaenda kwenye kipindi, akaielewa kodi ya kivuli. Siwema hakumlaumu. Alikaa muda mrefu bila kumsemesha, ambayo ni adhabu kubwa kuliko lawama, kisha akaanza tena kumpikia.

Afisa alipoondoka, Siwema alitoka jikoni akifuta mikono. Mumewe alikuwa mbali, kwenye machimbo, hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

"Baba," alisema, "safari hii usielewe."

Basi mzee mzima hakulala vizuri. Asubuhi akaenda kwa Kapilima, mjumbe wa mtaa, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa vitendo, akamweleza habari yote. Akamwomba awaite watu, wakae mlangoni pa zahanati, wake kwa waume, wasitoke, ili wakubwa waone kwamba jambo hili limewauma. Kapilima alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Akamwuliza, kwa upole kabisa, watu wakakae mlangoni wafanye nini, na yeye Shomvi wamemweka wa nini? Mtu hafugi mbwa akabweka mwenyewe. Halafu wakijitokeza wengi kupinga, si watamharibia kazi, watu wa Wizara waone mtaa huu haumwamini Mpingaji wake? Ingekuwa ni kumvunjia heshima. Akamshika bega, akamhakikishia kwamba wote wako nyuma yake. Na kweli walikuwa nyuma yake, mbali sana nyuma, wakicheza bao.

Shomvi alizunguka mtaa mzima siku hiyo. Mama wajawazito walimwambia wanamwombea dua. Fundi cherehani alijitolea kumtia vifungo vipya kwenye koti. Nesi Adela, ambaye ndiye aliyekuwa zahanati yenyewe kwa kuwa daktari hakuwahi kufika, alimsikiliza huku akichemsha vyombo, akasema yeye ni mtumishi, hana maoni, ila akimfikiria Siwema usingizi hauji. Hilo ndilo lilikuwa neno la maana pekee aliloambulia.

Jumamosi ikafika. Mpira wa siku hiyo ulikuwa mkubwa, timu mbili za mji mkuu, zile ambazo ndugu wa tumbo moja husalimiana kwa mabega zikikutana. Nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Studioni, Waziri wa Maoni Binafsi, Mheshimiwa Dakta Kizibo, alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, na Shomvi kwenye kigoda. Katikati alikaa mtangazaji, Bi Salha, mwanamke aliyekuwa na tabasamu ambalo halikuzimika hata umeme ulipozimika.

Dakta Kizibo alifungua kwa hotuba. Alisema taifa ni mwili na Rais ni afya. Alisema zahanati ni fikra za kikoloni, kwani kabla ya wakoloni kuja nani aliwahi kuona zahanati? Alisema uchunguzi umeonyesha kwamba penye wagonjwa wengi huwa pana zahanati karibu, na kwamba serikali sikivu haiwezi kukaa kimya huku majengo yakiendelea kuwaambukiza wananchi. Watu waliopangwa studioni walipiga makofi, wengine kwa kweli.

Ikaja zamu ya Shomvi. Akakunja uso, akapiga meza kwa kiganja. Halafu akasahau fani yake yote. Alisema habari za mkokoteni. Alisema mtoto alikuwa wa kiume, ana nywele tayari, na kwamba alimfunika kwa koti hilihili alilovaa, koti la serikali, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine karibu. Alisema ana binti nyumbani na siku zake zimetimia. Alisema wakifunga mlango ule watakuwa wanajua wanamfungia nani, na yeye atalisema jina lake hapa: anaitwa Siwema.

Makofi yakapasuka, na watu wakasimama. Kule Mgomba Mmoja walipeana mikono. Shomvi leo kafunguka! Mzee ana kipaji jamani, utadhani kweli. Fundi cherehani alilia, akasema vifungo vile amevitia yeye.

Dakta Kizibo alijibu kama ilivyopangwa. Alimpa pole, akasema serikali inalia pamoja naye, akaahidi kwamba ndani ya Jumba la Kumbukumbu patakuwa na mkokoteni wa mfano. Akamaliza, akaegemea kiti, akasubiri.

Shomvi hakukuna kichwa. Hakutazama dari.

Bi Salha akatabasamu zaidi. Akasema bila shaka mzee wetu sasa amepata mwanga. Shomvi akasema hapana, hajaelewa. Waziri akarudia hoja, kwa sauti ya juu kidogo. Shomvi akasema amesikia, ila hajaelewa. Bi Salha akacheka, akasema labda mzee ana kiu, akaletewa maji. Akayanywa yote, akashukuru, akasema hajaelewa.

Uwanjani wachezaji walikuwa wamekwisha kujipanga. Wakaanza kurukaruka wasipoe misuli, kisha wakakaa chini kwenye majani. Bendi ya polisi ilikuwa na matarumbeta mdomoni, mashavu yamevimba. Mashabiki wakaanza kupiga miluzi. Na ndipo simu zilipoanza kuingia studioni, na ya kwanza kuunganishwa hewani, mniamini msiniamini, ilitoka Mtaa wa Mgomba Mmoja.

"Mzee Shomvi, ni mimi Kapilima," ilisema. "Tumekusikia, umetuwakilisha vizuri sana. Sasa elewa basi, watu wanangoja mpira."

Shomvi alijibu kwamba zahanati ni yao. Kapilima akasema wanajua ni yao, nani amekataa, lakini zahanati itakuwapo hata kesho na mpira ni leo. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakimwomba, na baadaye wakimtukana, na miongoni mwazo sauti za wanawake ambao juzi walimwombea dua. Akapiga mwingine, na mwingine. Kati ya hao hakuna hata mmoja aliyetaja zahanati. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, ameshika magoti.

Mtu wa Wizara akaingia kwa kunyata, akamnong'oneza Waziri sikioni. Ilisemekana baadaye kwamba Rais mwenyewe alikuwa ameketi uwanjani na mbegu za maboga zimemwishia. Dakta Kizibo akarekebisha tai. Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa tangu Hewala iwe Hewala. Akakuna kichwa chake mwenyewe. Akatazama dari.

"Kwa hilo, Mzee Shomvi," alisema Waziri, "nimeelewa mimi. Zahanati haitafungwa."

Lo! Matarumbeta yalilia, refa akapuliza, nchi ikaripuka. Watu wasiojuana walikumbatiana. Wengine walishangilia zahanati, wengi walishangilia mpira, na haikuwezekana kuwatenganisha. Shomvi alilia mbele ya kamera, machozi ya kweli, akarudi nyumbani akamkuta Siwema mlangoni, na Siwema, ambaye hakuwahi kumshika baba yake mkono tangu siku ya mkokoteni, akamshika.

Kesho yake asubuhi, uchungu ukaanza.

Wakatoka wawili, taratibu, Siwema ameegemea bega la baba yake. Zahanati haikuwa mbali. Mbele yao njia ilikuwa imejaa watu: Mtaa mzima wa Mgomba Mmoja, umeongozwa na Kapilima, na gari lenye spika kubwa, na ngoma, wanakwenda kusherehekea kuokolewa kwa zahanati yao. Walipomwona Shomvi walimnyanyua juu juu, akiwapigia kelele wamshushe, wamwache, ana mgonjwa. Wao wakadhani ni unyenyekevu. Siwema akabaki amejishika kwenye ukuta wa mtu.

Alipofanikiwa kujichomoa na kurudi kumchukua binti yake, wakapenya hadi mlangoni. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, kubwa, bado lina mafuta. Juu yake wafanyakazi walikuwa wanapigilia kibao: Jumba la Kumbukumbu ya Maradhi. Nesi Adela alikuwa amekaa kwenye ngazi, na begi lake, anangoja gari la uhamisho. Alipomwona Siwema alisimama bila kuuliza kitu.

Shomvi alimwambia msimamizi wa wale wafanyakazi kwamba Waziri amekwisha kubatilisha, jana, nchi nzima imesikia. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu. Alisema hata yeye alitazama, na alifurahi sana, alimpigia makofi. Lakini yule ni wa Wizara ya Maoni. Wao ni wa Ujenzi. Wizara ya Maoni inashughulika na maoni, na maoni ndiyo yaliyobadilika jana. Hakuna aliyewaambia habari ya mlango.

Shomvi akawageukia watu. Akawaonyesha kufuli kwa kidole. Akalishika, akalitikisa mbele ya macho yao. Wakatazama. Kapilima akasogea, akalichunguza, akasema hili ni la muda tu, labda kwa ajili ya kulinda dawa, maana Waziri amesema kwa kinywa chake na si wote walimsikia? Wakaitikia kwamba walimsikia. Ngoma ikaanza tena.

Mtoto alizaliwa hapohapo, chini ya dirisha la zahanati, kwenye vumbi, mikononi mwa Nesi Adela aliyetumia alichokuwa nacho kwenye begi. Wanawake wa mtaa, nisiwanyime haki yao, walishika khanga kuzunguka pande zote, wakageuza migongo kwa heshima. Walizishika huku wakiimba wimbo wa kuishukuru serikali kwa zahanati. Alikuwa wa kike, na alilia kwa nguvu, Mungu ni mkubwa. Siwema alipoteza damu nyingi, akawa mweupe midomo, na Nesi alifanya kazi mpaka gari la uhamisho likaja, likapiga honi, likaondoka bila yeye. Mpiga picha wa televisheni akafika wakati huo. Akaomba khanga zishushwe kidogo, mama ashike mtoto, ukuta uonekane nyuma.

Jioni nyumba ya Shomvi ilijaa. Walikuja kumwona mzazi, kwa desturi, na uji na sabuni na pongezi, na pia kwa sababu televisheni nzuri ya mtaa ilikuwa pale. Siwema alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto kifuani. Taarifa ya habari ikaanza. Ikasema kwamba saa chache baada ya serikali sikivu kusikiliza maoni ya wananchi, mtoto wa kwanza amezaliwa salama ndani ya zahanati iliyookolewa ya Mgomba Mmoja, na Mheshimiwa Dakta Kizibo amemtunuku jina la Sikivu. Ukuta ukaonekana. Siwema akaonekana. Chumba kizima kikapiga vigelegele.

"Sikuzaa ndani," alisema Siwema kutoka kwenye mkeka. Sauti ilikuwa ndogo, lakini vigelegele vilikatika. "Mlikuwapo. Mlishika khanga."

Wale wanawake walitazamana. Kapilima ndiye aliyejibu, kwa upole wa baba.

"Mwanangu, ulikuwa na uchungu," alisema. "Mtu mwenye uchungu hakumbuki vizuri."

Wengine wakaafiki. Ni kweli, uchungu unachanganya. Mmoja akasema hata yeye alipojifungua aliona mambo ya ajabu. Aliyesema hivyo bado alikuwa na vumbi la pale dirishani kwenye pindo la gauni lake.

Hapo Mzee Shomvi akainuka. Alikuwa hana koti. Akasimama katikati ya chumba, mgongo kwenye televisheni, akawaambia watu wake, mmoja mmoja kwa majina, walikuwa wamesimama wapi na wameshika nini. Alisema mlango una kufuli. Alisema Nesi amepoteza kazi leo kwa kumzalisha binti yake. Alisema mjukuu wake mmoja yuko ardhini, wa pili amezaliwa mavumbini, na wao wamecheza ngoma mara zote mbili.  Hakuwahi kusema vizuri namna ile, wala studioni.

Alipomaliza, walimpigia makofi. Walipiga kwa moyo, kwa muda mrefu, na fundi cherehani akafuta machozi.

"Mnamwona?" Kapilima alisema kwa fahari. "Hata nyumbani kwake!"

Kisha, kwa kuwa marudio ya mpira wa jana yalikuwa yanaanza, mtu mmoja akamwomba mzee, kwa heshima zote, asogee pembeni kidogo, anawaziba.